Mdomo wa Sugow

Watu wa Garissa walimwita bubu, na kwa miaka arobaini walikuwa wanakosea. Bubu ni mtu asiyesema. Sugow alisema kutwa kucha, tena alikuwa msemaji wa kuchosha, mwenye utani na kisa cha kila ngamia aliyewahi kushuka mtoni kunywa maji. Ila alisema kwa mikono, na waliomwita bubu hawakuwa na macho ya kumsikiliza. Mtu asiyejua lugha yako hukuona wewe ndiye mjinga. Ndivyo dunia ilivyo, na Garissa haikuwekwa nje ya dunia.

Homa ilimla masikio kabla hajatimiza mwaka. Alipokua alijifunza kuchonga koor, zile kengele za mbao wanazovikwa ngamia shingoni ili wasipotee porini. Ndiyo, fundi wa kengele alikuwa kiziwi. Wageni walipoambiwa hivyo walicheka, na Sugow aliwaacha wacheke, kisha akachukua kengele iliyokwisha, akauma ukingo wake kwa meno ya mbele, akaigonga kwa kidole. Mtetemo ulipanda kwenye taya ukaingia kichwani. Ukiwa mbaya, alirudi kwenye gogo na patasi yake. Ukiwa mzuri, alifumba jicho moja. Na mtetemo aliokwisha kuuonja hakuusahau tena, kama wewe usivyoisahau sauti ya mama yako. Ungeweza kumletea kengele ya miaka kumi, imepasuka na kuliwa na mchwa, akaiuma mara moja na kukwambia ilikuwa ya ngamia gani na mwenyewe alikuwa nani.

Siku za soko kibanda chake cha mikeka kilijaa viziwi wenzake. Alikuja Alio, aliyebeba maji kwa punda. Alikuja Raho, mjane kijana aliyeuza maziwa, mwenye ulimi mkali kuliko wanawake wote wa mjini, kama mikono nayo ni ulimi. Walikuja wengine kutoka vijiji vya mtoni, mara wanne, mara saba. Walisimuliana nani ameoa, nani amepunjwa, na Raho aliigiza mwendo wa kila mfanyabiashara mnene mpaka wote wakaangua vicheko. Wapita njia waliona mabubu wanapunga mikono, wakapita zao.

Na alikuwepo Khadijo, dada yake, aliyemzidi miaka miwili. Lugha ile walianza kuitunga wawili hao wangali watoto, chini ya ngozi moja ya kulalia, na kila mtu aliyeijua alijifunza kwake au kwa Sugow. Kwa watu wenye masikio, Khadijo ndiye aliyekuwa mdomo wa Sugow. Sokoni alikuwa yeye, msikitini alimtuma mwanawe, kwenye mahari ni yeye. Na kama midomo yote, alikula baadhi ya vilivyopitia kwake. Sugow alipoona watu wamechukia au wamecheka akauliza kuna nini, mara nyingi Khadijo alirusha kiganja nyuma ya bega. Hiyo ilikuwa ishara ya baadaye. Nitakuambia baadaye. Baadaye hiyo haikuja hata siku moja. Khadijo hakufanya kwa ubaya. Alichoka tu, au aliona jambo lenyewe si la maana, au alimhurumia. Lakini ukimkata mtu habari kila siku kwa huruma, umemkata habari vilevile.

Vita ya shifta, wale waasi wa porini, ilipokuja, serikali ilikusanya watu vijijini, ikavizungushia boma la miiba na waya, ikaweka lango na askari. Kutoka nje ilikuwa kwa ruhusa. Mifugo iliyokutwa mahali palipokatazwa ilichukuliwa. Hayo yaliwapata wote, wenye masikio na wasio nayo. Lakini viziwi walipata na ya kwao. Koplo wa langoni aliona watu wanapungiana mikono karibu na waya, akaamua wanawapa ishara watu wa porini. Raho alipigwa kofi lililomwangusha na kibuyu chake, akaonyeshwa kwamba mikono ikae chini. Tangu siku hiyo ukikaribia waya, kiziwi funga mikono yako, yaani nyamaza. Amri hiyo haikuandikwa popote. Amri za kuwanyamazisha watu hazihitaji karatasi.

Alio alipigwa risasi ya mgongo siku ya Jumatatu, jua likiwa utosini, akiwafuata punda wake waliotangulia kuelekea mtoni. Aliambiwa simama mara tatu. Askari yule alifuata sheria, maana sheria ilisema mara tatu, na kitabuni ikaandikwa kwamba marehemu alikaidi amri. Sugow alimwosha kwa mikono yake. Soko lililofuata kibanda kilikuwa na watu wawili, yeye na Raho.

Sasa tuje kwa Nunow, maana bila yeye hakuna kisa.

Nunow alikuwa mwana pekee wa Khadijo, miaka ishirini na mmoja, mwenye pengo kwenye meno ya mbele. Pengo hilo ndilo lililokuwa jina lake: vidole viwili mbele ya meno. Baba yake alikufa mapema, na aliyemlea ni mjomba wake, abti Sugow. Mtoto yule alisema kwa mikono kabla ya kusema kwa mdomo. Alipopata ngamia wake wa kwanza, jike mwekundu, mjomba na mpwa walikwenda pamoja kukata gogo, na Sugow akachonga koor ambayo mwenyewe alisema hajapata kuchonga nzuri zaidi.

Kabla boma halijafungwa, Nunow alimwambia mama yake ukweli: anakwenda porini kujiunga na wale wanaopigana. Khadijo alilia, akakataza, akashindwa. Kisha akakaa akafikiri amwambie nini Sugow. Anayesema kwa mikono hawezi kunong'ona. Siri yake huonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na Raho akiijua leo, kesho viziwi wa mto mzima wanaijua. Basi akarusha tena kiganja nyuma ya bega, na Sugow aliposisitiza, akamwambia Nunow amekwenda Bute, kaskazini kabisa, kwa biashara. Sugow alifurahi. Kila msafiri wa kaskazini alimwuliza kwa ishara kama amemwona kijana mwenye pengo na ngamia mwekundu, na Khadijo, aliyetakiwa kuwatafsiria wasafiri hao, aliwauliza habari za mvua.

Mwezi wa Rajabu mwaka wa sitini na sita, askari walifika kibandani kwa ajili ya koor moja. Ngamia jike alikuwa amekamatwa upande wa Wajir, amebebeshwa risasi. Watu wake walikimbia, mmoja akivuja damu. Kengele ililetwa Garissa kwa lori, alama ya mwenyewe imekwanguliwa, na Abdow, karani wa soko la mifugo, aliitazama akasema bila kuombwa mara ya pili kwamba mkono huu ni wa Sugow, na tena Sugow anazijua kengele zake zote moja moja.

Walimchukua Sugow akiwa na patasi mkononi. Alipoinua mikono kuuliza kulikoni, walidhani anapigana, wakamfunga mikono nyuma kwa kamba. Kila walipomfungua ale, aliinua mikono kuuliza, wakamfunga tena. Siku kumi na mbili alikaa hivyo. Watu husema mfungwa fulani alinyimwa neno, lakini Sugow alifungwa neno lenyewe kwa fundo mgongoni.

Kesi ilisikilizwa ndani ya hema, asubuhi, mbele ya hakimu mgeni aliyeletwa kutoka kusini, mtu wa miwani, mpole wa sauti. Watu waliruhusiwa kukaa pembeni, na Raho alikuwa mstari wa mbele. Mkalimani wa mahakama, Msomali wa mjini aliyevaa koti kwenye joto lile, alisoma shtaka la kuwasaidia maadui, kisha akamwinamia Sugow akapiga ukelele sikioni. Sugow alishtuka kwa sababu ya mate. Mkalimani akajaribu sikio la pili.

"Bwana hakimu," akasema, "hii mtu hana faida. Hata ukibiga bunduki hapa, yeye nakuangalia tu. Akili hakuna."

Hakimu aliuliza kama yupo mtu yeyote anayeweza kusema na mshtakiwa, na Khadijo akasimama. Kwa Kiswahili chake cha sokoni alieleza kwamba ndugu yake ana akili kuliko nusu ya waliomo hemani, kwamba lugha yake iko mikononi, na mikono imefungwa. Hakimu akamwangalia askari. Askari akasema mshtakiwa ni mkali, labda afunguliwe mkono mmoja. Khadijo akamwuliza askari yule kama yeye akila kiapo huwa anatumia nusu ya mdomo. Watu wakacheka, hata hakimu akafuta miwani kuficha uso.

Kamba zikafunguliwa. Sugow akasugua vifundo vyake, akanyoosha vidole, akasema maneno ya siku kumi na mbili kwa mpigo, na Khadijo akamwomba apunguze mwendo. Hakimu akauliza kama mtu huyu anamjua Mungu, ili aape. Khadijo akauliza. Sugow akajibu kwamba yeye husali sala tano, na kwamba huko msikitini ndiko mahali pekee ambapo wenye masikio nao husema kwa mwili. Akaweka mkono juu ya msahafu. Kisha Khadijo naye akawekewa msahafu, akaapa kwamba atafikisha kila neno kama lilivyotoka, bila kuongeza wala kupunguza.

Bado hakimu alikuwa na shaka. Nyuma ya hema lilikuwepo rundo la kengele zilizovuliwa mifugo iliyochukuliwa na serikali. Akaagiza ziletwe tano. Sugow akaziuma moja baada ya moja, akazigonga, akasema: hii ya baba yake Fatumo, hii si kazi yangu na fundi wake alikuwa mvivu, hii ya ngamia aliyekuwa chongo, na hii niliwatengenezea watu wa Saynab mwaka wa mafuriko. Ya tano ilimpa tabu. Akairudia, akatabasamu, akasema imepasuka ndani, lakini ni ya mzee anayekaa pale mlangoni. Mzee wa mlangoni alisimama akalia, kwa kuwa ngamia wenyewe alikuwa hajui walikopelekwa. Abdow aliangalia alama zilizochomwa pembeni, akakubali kwamba zote ni kweli.

Hema lilivuma. Watu waliokuwa wamemwita bubu miaka arobaini walipigana viwiko kwa fahari kana kwamba wamemzaa wao. Hakimu aliandika muda mrefu. Kisha akasema, na mkalimani akatafsiri kwa Kisomali ili wote wasikie, kwamba mahakama imeridhika: mshtakiwa ana akili timamu, ana kumbukumbu kuliko watu wengi, na neno lake litapokelewa kama neno la mtu mwingine yeyote. Akaongeza kwamba kuchonga kengele si kosa. Mshtakiwa akisema kengele hii alimtengenezea nani, atakwenda nyumbani leo hii.

Khadijo aliyafikisha hayo kwa mikono, na moyo ulimjaa kwa furaha. Hapo ndipo alipoiona koor ambayo askari aliitoa guniani, akaitambua hata kabla haijafika mezani.

Tumtazame vizuri mama huyu, tusimwonee. Siku kumi na mbili alijua nduguye amekamatwa kwa sababu ya kengele, lakini kengele hakuionyeshwa, na kengele za Sugow zilikuwa mamia. Alijiambia ni ya mtu mwingine. Mwenye hofu hujiambia mengi. Na Sugow hakuna aliyemwambia lolote: si kwamba ngamia alibeba risasi, si kwamba mpwa wake yuko porini. Shtaka alilipokea kwa ukelele na mate. Asubuhi ile, kabla ya kuanza, mikono ingali imefungwa, alimwuliza dada yake kwa nyusi kosa ni nini, na Khadijo, mbele ya askari waliokuwa wakimtazama, alimwonyesha bega.

Sugow aliichukua koor. Hakuwa na haja ya kuiuma, lakini aliiuma, kwa mapenzi tu. Akafumba jicho moja. Uso ukamchangamka kama wa mtu aliyepokea barua. Akaiweka, akainua mikono, akasema taratibu, wazi, mkono kwa mkono, ili dada yake asipotewe na neno:

"Hii ni ya mtoto wetu. Nunow. Ya ngamia wake mwekundu, gogo tulikata pamoja. Yuko Bute, anafanya biashara. Mwulizeni amempotezea wapi ngamia."

Vidole viwili vilisimama mbele ya meno yake mahali ambapo kila mtu aliviona. Raho aliviona na kuelewa. Hemani hakuna mwingine aliyeelewa, isipokuwa mmoja.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema waliotutangulia, lakini hakuna mama aliyewahi kuacha kumchelea mwana kwa sababu ya methali. Khadijo aliuona mti wa kunyongea, akaliona pengo lile la meno limefumbwa milele. Akaona pia kwamba ndugu yake ni kiziwi, na kiziwi huhurumiwa. Watamwona hajui kitu, watamwachia. Watu wote humwachia kiziwi. Hilo aliliamini yeye, aliyekuwa amesimama saa nzima kuwafundisha watu kwamba kiziwi si mjinga.

"Anasema hajui," akasema Khadijo. "Kengele mingi, bwana. Hii hajui ya nani."

Hakimu aliinua uso. Akauliza tena, na safari hii akamtazama Sugow mwenyewe machoni. Khadijo akamwuliza Sugow kwa mikono kama ana uhakika. Sugow akashangaa, akarudia: Nunow, Nunow, ngamia mwekundu, Bute. Alirudia kwa nguvu, kama mtu anayesema na mgonjwa.

"Anasema hajui kabisa."

Hakimu alivua miwani. Hakupandisha sauti. Alisema ametoa nafasi ambayo wengi hawakupewa. Mtu aliyetambua kengele tano, mojawapo ikiwa imepasuka, hawezi kuja kuisahau ya sita, iliyo nzima, inayomhusu, tena baada ya kuitazama kwa furaha. Kama angekuwa na upungufu wa akili, mahakama ingemhurumia. Lakini imethibitishwa hapa, na dada yake mwenyewe, kwamba hana upungufu. Basi ananyamaza kwa kusudi, ili kuwaficha maadui. Miaka mitatu, kwenye gereza la kusini.

Hayo yalichukua dakika chache. Haki aliyompigania Khadijo asubuhi nzima, ile ya kuhesabiwa mtu kamili, ndiyo iliyomfunga nduguye. Aliipata, akaitia sumu, akamnywesha.

Sugow hakujua hukumu, wala hakuwa amemtazama hakimu. Alikuwa amemtazama dada yake mdomo. Askari walipomkamata mikono hakuwakataa. Aliuliza kitu kimoja kabla kamba hazijakaza, ishara fupi ya vidole viwili mbele ya meno na kiganja kilichofunguka, na Khadijo akaangalia chini.

Wiki tatu baadaye alifika Garissa mwanamke aliyeitwa Hinda, mke wa mchunga ngamia wa Wajir, na habari aliyoibeba muda mrefu bila kupata njia. Nunow alijeruhiwa tumboni siku ile ngamia wake alipokamatwa. Alitembea siku mbili. Alifia karibu na kisima, watu wa Hinda wakamwosha na kumzika, na kaburi likafunikwa mawe yasifukuliwe na fisi. Siku aliyozikwa, kengele ilikuwa bado ndani ya lori, haijafika Garissa. Sugow alikuwa bado kibandani, anachonga.

Basi Khadijo alimficha maiti machoni pa hakimu, akamtoa aliye hai. Sina namna nyingine ya kulisema. Alilijua mwenyewe, akalisema mwenyewe, akijipiga kifua mbele ya wanawake waliokuja tanzia, na wao wakamwambia ni kadari ya Mungu, subiri. Raho tu ndiye aliyekataa kukaa naye. Alisimama mlangoni, akamwuliza kwa mikono swali moja, alisema nini siku ile hemani. Khadijo akajibu kweli, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kitu kingine. Raho akachukua kibuyu chake, na kwa mwaka mzima akauza maziwa upande mwingine wa kijiji.

Khadijo alijaribu kurekebisha. Alikwenda kwa karani wa mahakama, akasema aliapa uongo. Karani alimwambia hakimu ameondoka, na kwamba sasa mwanawe amekufa, ni rahisi kumsingizia. Alikwenda mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne koplo wa langoni alimrudisha.

Amani ilipotangazwa mwisho wa mwaka wa sitini na saba, baadhi ya wafungwa waliachiliwa. Sugow alishuka kwenye lori mwezi wa Shaabani, mchana, amekonda, nywele zimekuwa mvi. Aliyemwona kwanza ni Raho. Walisimama kando ya barabara wakasema kwa muda mrefu, na hakuna askari aliyewakataza. Alimwuliza habari za nyumbani, na Raho akamweleza zote isipokuwa moja. Hiyo, alisema, ina mwenyewe.

Akafika naye mpaka mlangoni kwa Khadijo, akabaki nje.

Khadijo alikuwa anapepeta mtama. Ungo ulimtoka. Aliinua mikono kuanza, machozi yakimtiririka, na Sugow akamwashiria angoje. Alikaa juu ya kigoda, akavua kofia, akasema bila haraka.

"Nilitazama mdomo wako. Jina la Nunow nalijua mdomoni mwako tangu ananyonya. Siku ile halikutoka."

Khadijo akainamisha kichwa. Sugow akamgonga goti ili atazame, maana bado hajamaliza.

"Gerezani nilipata muda. Nikaelewa hakuwa Bute. Nikaelewa ulimchagua yeye, na sikukuchukia kwa hilo. Yule ni mwanangu pia. Ungeniambia kweli mapema, ningemdanganya hakimu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na ningefungwa miaka ile ile nikijua kwa nini. Lakini wewe uliniona sifai hata kusema uongo wangu."

Khadijo akaokota ungo, akauweka kando.

"Basi," akasema Sugow, na uso wake ukalegea kidogo kwa mara ya kwanza. "Alau aliokoka. Amerudi? Amekuwa mtu mzima?" Na vidole viwili vikasimama mbele ya meno.

Khadijo alimtazama. Akamwambia. Alimwambia risasi ya tumboni, siku mbili, kisima, mawe. Sugow aliuliza lini, na Khadijo akamwambia hilo pia, bila kulipunguza: kabla hawajaja kukuchukua.

Mikono ya Sugow ilikuwa mapajani, imefunguka. Halafu akafumba macho yote mawili, kwa nguvu, kama wenye masikio wanavyoziba masikio.

Khadijo alikuwa na mengi. Alikuwa na msamaha wa kuomba, aliouweka mwaka mzima na mwezi mmoja, na mikono yake ilikuwa juu tayari. Akauanza mbele ya macho yaliyofungwa, akaukatiza. Akamgusa goti, hakufumbua. Mwishoni akamwita kwa sauti, "Sugow, walaalo, ndugu yangu, Sugow," akijua fika anamwita nani, na Raho aliyekuwa mlangoni, ambaye naye hasikii, akamwona mdomo unavyofunguka na kufunga.